Bei ya Saa Kumi na Mbili

Katika muji huu wa Goma hakuna mutu anayejua bei kuliko miye. Nasema hivyo mbele ya Mungu na mbele ya wauza maharage. Bei ya maharage, ya viazi, ya makala ya kupikia, ya sambaza wadogo wa ziwani, ya samaki wa chumvi wanaotoka Vitshumbi: niamushe usingizini, niulize, nitakujibu kabla sijafungua jicho la pili. Juzi tu nilinunua viazi vya kupika kwangu, nikalipa francs mia saba zaidi ya bei niliyoandika kwa mukono wangu mwenyewe, kwa sababu kijana aliyekuwa anauza aliniita "mademoiselle". Nina miaka sabini na mbili. Nilipofika nyumbani nikakuta vitatu vimeoza.

Basi tuseme hivi: bei ninaijua. Kulipa ni kazi nyingine.

Jina langu Angèle, sokoni wananiita Koko, bibi yao. Miaka kumi na minane nimekaa katika soko letu, hapa juu ya Keshero, na sijauza hata punje moja ya maharage. Ninauza bei. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanasema bei si kitu, haina uzito, haijai ndani ya kikapu. Kweli. Ndiyo sababu mugongo wangu bado umenyooka.

Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, niko kati ya meza. Kuna kina mama watano wanaoningoja niwafungulie siku. Hapa kwetu mutu wa kwanza kufika mbele ya meza yako ndiye anabeba siku yako mukononi. Akinunua, hata ya francs mia mbili, soko limefunguka. Akiuliza bei, kisha akageuza mugongo akaenda zake, ameondoka na siku yako nzima. Utakaa mpaka jioni wewe na nzi wako mukipiga miayo. Miye wanasema nina mukono muzuri. Sijui uzuri huo uliupata wapi, maana mukono huu umezika waume wawili, lakini siwezi kubishana na mutu anayenisifu. Nanunua kifungu cha sambaza pale, kopo ndogo ya maharage hapa, na huku natembea masikio yangu yako wazi.

Bei ninayopewa miye siiandiki. Bei ya mutu wa kwanza imelainishwa ili siku iende vizuri. Ile ni dawa, si bei. Nasimama pembeni, najifanya nafunga kitenge upya, nangoja mutu wa pili, wa tatu. Naangalia na matabishi, ile nyongeza muuzaji anakutilia juu. Mama wawili wanaweza kusema wote elfu mbili na mia tatu. Moja anakuongeza konzi nzima, mwingine anakuongeza punje saba na "Mungu akubariki". Hizo si bei moja, hata kama zinatamkwa sawasawa. Nikishamaliza kusikia na kuona, nakaa kwenye benchi langu, na saa kumi na mbili kamili naweka telefone karibu na mudomo, natuma sauti.

Wanaolipa wanaipata sauti ile ile dakika ile ile, wote pamoja, tajiri na asiye tajiri. Wasiolipa wanangoja saa sita ya mchana, nikiandika kwa chaki kwenye ubao uliopigiliwa kwenye ukuta wa mawe. Bei ni zile zile. Tofauti ni kwamba saa sita viazi vizuri vimekwisha kwenda. Kuna walioniambia nifute ubao wa bure, eti unanilia biashara. Hao hawajui kuuza. Mutu akisoma mchana kwamba asubuhi alidanganywa, kesho yake analeta pesa mwenyewe, bila kuitwa.

Halafu kuna benchi. Linaingia watu watatu pembeni yangu. Anayekaa hapo anasikia madereva wakinipigia kutoka njia ya Masisi, anaona uso wangu ukibadilika kabla mudomo haujasema. Nafasi hizo zinalipiwa. Mama Charline, mwenye malewa ya hapo nyuma, anayewapikia wabeba mizigo wali na maharage, analipia nafasi mbili. Si utajiri, ni nyonga. Na anayetaka jina lake liandikwe ubaoni kama muuzaji wa kuaminika ananiletea kopo lake la kupimia. Nalipindua. Nikikuta kitako kimepigwa nyundo kuingia ndani, namurudishia kopo lake. Pesa ya kuangalia simurudishii.

Nilikuwa nafikiri haya yote nimeyabuni miye. Siku moja akaja mama moja mwenye miwani, Nshobole, anafanya kazi na shirika fulani, akaniuliza kama nakumbuka bei ya maharage ya miaka sita iliyopita. Nikamuambia sikumbuki, lakini imeandikwa kwenye makaye, madaftari ninayowashia mbabula yangu ya makala. Alishika kichwa. Akanunua nafasi ya kunakili makaye yaliyobaki, dola ishirini, na toka siku ile mbabula nawashia magazeti.

Yeye ndiye alinieleza. "Koko," akasema, "huko Nairobi, na huko Ulaya, kuna masoko ya hisa. Watu wananunua vipande vya kampuni. Wenye soko hawanunui wala hawauzi vile vipande. Wanalipwa kampuni ikija kuandikishwa. Wanalipwa kidogo kila biashara ikipita. Na wanalipwa kwa habari: bei ya sasa hivi kwa anayelipa, bei iliyopoa kwa asiyelipa, na bei za miaka ya nyuma kwa wenye kusoma. Wengine wanalipa hata ili mashine zao zikae karibu na mashine ya soko."

"Karibu kama Charline?"

"Karibu kama Charline."

"Na wanapindua makopo?"

"Wanaangalia vitabu vya kampuni kabla ya kuiandika."

"Ni kopo ile ile," nikasema.

Nilitembea na kiburi siku mbili. Kumbe Ulaya nzima inaniiga, na hakuna hata moja aliyenitumia salamu.

Mwezi wa tano akaingia Ruffin.

Ruffin ni mutu wa miaka arobaini hivi, wazazi wake watu wa Butembo, mwenye viatu vya ncha ndefu juu ya mawe yetu ya volkano. Nilikuwa nangoja kila siku aanguke, hakuanguka. Zamani alikuwa anauza unités, vocha za telefone, chini ya mwavuli. Akafungua grupu kwenye WhatsApp, akaiita Bei Bure. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, bei za soko letu zinatokea zimeandikwa vizuri, na picha ya nyanya pembeni. Halipi mutu. Kati ya bei ya maharage na bei ya mafuta anaweka tangazo la depo ya matelas, magodoro ya kulalia, na mwenye matelas ndiye anamulipa. Sisemi ni ujinga. Ningelikuwa nimelifikiria miye, mungelisikia leo nalisifu.

Shida ni moja. Bei zile zilikuwa zangu. Nikisema elfu mbili mia tatu na hamsini, baada ya robo saa naye elfu mbili mia tatu na hamsini. Siku nilipochelewa kwa sababu ya kikohozi, naye alichelewa, na hakuwa na kikohozi. Katika wateja wangu kulikuwa na mutu anayemurushia sauti zangu. Mpaka leo sijui nani. Nina majina matatu, na yote matatu nayasalimia vizuri sana.

Nikamufuata mbele ya watu. "Ruffin mwanangu, bei zako unazitoa wapi?"

"Sokoni, Koko. Kila alfajiri nazunguka miye mwenyewe, meza kwa meza."

"Mbona sijakuona hata siku moja?"

"Na macho hayo, Koko?"

Watu wakacheka. Na miye nikacheka. Jibu lilikuwa zuri. Hasira ilinikuta nyumbani, nikiwa peke yangu na sufuria.

Wateja wakaanza kuondoka. Walikuwa sitini na wanne. Mwezi wa saba nilikuwa na ishirini na watatu. Hata Joviale, muuza viazi mwenye meza ya mulangoni kabisa, moja wa wale watano ninaowafungulia siku, alinijia akiangalia chini. "Koko, usinikasirikie. Ya bure ni ya bure." Na Ruffin akaanza kumutangaza kwenye grupu yake, viazi vya Mama Joviale, viazi vya kwanza. Akauza sana. Nikaendelea kumufungulia meza vilevile, maana mukono si wa kunyima mutu.

Kisha Ruffin akaandika barua kwa komite ya soko. Akaomba benchi langu, ukuta na ubao, apige pale bango lenye namba ya grupu yake. Prezida wa komite ni Papa Barthélemy, mwalimu aliyestaafu. Ukizungumuza naye unatafuta kalamu. Akatangaza: Jumamosi wauzaji watakaa, watasikia pande mbili, watainua mikono.

Sasa nikueleze Jumamosi ile ilikuwa na nini ndani yake kwangu. Sikuogopa njaa. Nina mutoto moja wa kiume, ana nyumba nzuri chini Keshero, na muke wake Patricia ananipenda. Hapo ndipo shida. Ananipenda kwa bui, uji mwepesi: bui asubuhi, bui jioni, bila sukari, kwa ajili ya tension, presha yangu. Amekwisha kunitengenezea chumba. Ameweka rido za dirishani. Kila Jumapili baada ya misa ananishika mukono: "Mama, utapumuzika lini?" kwa ile sauti watu wanatumia mbele ya sanduku la maiti. Tulikuwa tumepatana miye na mwanangu: siku nikikosa kazi sokoni, nahamia kwao, bila mabishano. Nilikubali nikiwa na wateja sitini na wanne. Mutu akishiba anaahidi chochote.

Jumatatu Charline, nyonga zake juu ya nafasi zake mbili, akaniinamia. "Koko, dawa yake iko. Kesho tuma bei ya uongo. Sema maharage elfu tano. Atanakili, atanasa."

"Hapana."

"Mara moja tu!"

"Charline, wewe ukitia mchanga kwenye wali mara moja tu ili umukamate mwizi wa wali, kesho nani atakula kwako?"

Akanyamaza. Ni mara chache sana anyamaze, nikaiandika tarehe. Lakini nilikuwa nasema kweli. Sina gunia, sina depo. Nina neno moja ninalolitoa asubuhi na watu wanalifanyia kazi. Siku nikilipinda, hata kwa kumukamata muongo, nimekuwa na kopo lililopigwa kitako.

Nikafanya kitu rahisi zaidi. Jumatano nikalala.

Saa kumi na mbili kamili nilituma sauti kutoka kitandani: "Leo hakuna bei. Sikwenda sokoni. Siku ya leo haitahesabiwa kwenye malipo yenu." Nikavuta blanketi. Nikafikiri: sasa soko litalia. Sasa watakuja na motari watatu wa pikipiki kunibembeleza, nitakataa kidogo, kisha nitakubali. Nikavaa kabisa kitambaa kizuri cha kichwa ndani ya blanketi, ili wanikute tayari.

Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Saa nne mbuzi wa jirani alichungulia. Saa tano akafika Charline, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Koko, ile sufuria yangu kubwa iko wapi?"

La pili ndilo lilinikalisha. Usiku mvua ilikuwa imekata njia ya Masisi. Hakuna lori la viazi lililofika. Alfajiri mufuko uliruka kutoka dola thelathini na nane mpaka hamsini na moja, hata kabla jua halijatoka. Na Ruffin, saa kumi na mbili na robo, alikuwa ameandika: viazi, dola thelathini na nane. Charline akanionyesha telefone yake. Maharage, makala, sambaza, mafuta: yote ya Jumanne, mpaka franc ya mwisho. Alikosa pa kunakili leo, akanakili jana.

Nikacheka mpaka kitambaa kikaanguka. "Tumemukamata bila mutego!"

"Ngoja ucheke vizuri," Charline akasema, lakini yeye hakuwa anacheka. "Kuna muzee wa Masisi, Papa Havugimana. Alishuka juzi na mifuko sita, akalala kwa ndugu yake. Asubuhi kijana wa ndugu yake akamusomea grupu. Akauza yote hapo barabarani kwa thelathini na nane, akashukuru. Mchana... sasa hivi yuko pale sokoni anaangalia wenye kuuza hamsini na moja. Anaangalia tu."

Mifuko sita, dola kumi na tatu kwa kila mufuko. Hesabu ile niliifanya haraka, shule yangu ya msingi inatosha kwa hiyo. Nikaona aibu na blanketi langu. Ni kweli Ruffin ndiye aliandika. Lakini ningelikwenda kazini, muzee yule angelisikia hamsini na moja, hata kama ingelikuwa kwa njia ya wizi. Nilivaa, nikaenda, nikamutafuta. Nikamukuta amekaa juu ya mufuko mtupu.

"Papa, miye ndiye ninayetoa bei hapa. Leo nililala."

"Ulikuwa mugonjwa?"

Ningeliweza kusema ndiyo. Kikohozi kilikuwa tayari kooni. "Hapana, papa. Nilikuwa namufundisha mutu adabu."

"Somo lenu," akasema, "limenigharimu dola sabini na nane."

Nikamuambia Jumamosi kuna mukutano, kama anaweza kubaki abaki, aseme hayo mbele ya wote, na ya kwangu pia ayaseme. Akabaki.

Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, tukajaa chini ya hanga, banda la mabati la komite. Kina mama mbele, wenye depo nyuma wamesimama, Papa Barthélemy nyuma ya meza na kalamu nyekundu ambayo hakuna anayejua ni ya kusahihisha nini. Patricia naye alikuja. Alikaa pembeni na thermos. Nikajua ndani mna bui.

Ruffin alizungumuza wa kwanza, vizuri, na tuseme ukweli alipendeza. Wakati umebadilika, akasema. Bei ni ya wote, kwa nini maskini alipie kujua? Koko ametutumikia, tumushukuru, tumupe kiti cha heshima nyumbani. Aliposema "nyumbani" Patricia akatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama. "Bei ni ya wote, kweli. Hata maji ya ziwa ni ya wote. Lakini anayekuletea ndoo mulangoni, unamulipa. Na asipoteka asubuhi, hakuna wa kunakili maji." Wengine wakacheka. Wengi hawakucheka, nao walikuwa kwenye grupu.

Papa Havugimana akaitwa. Alisema maneno machache, kofia mukononi: aliuza kwa thelathini na nane kwa sababu telefone ilisema thelathini na nane, na bei haikuwa thelathini na nane. Akaongeza, "Na mama huyu alilala kwa makusudi." Nikainamisha kichwa. Ilikuwa kweli na niliiomba mwenyewe, lakini ilichoma.

Papa Barthélemy akageuka. "Ruffin. Jibu."

"Prezida, namuhurumia papa. Lakini bei inasonga. Miye nilipopita alfajiri ilikuwa thelathini na nane. Baadaye, habari ya njia ilipofika, ikapanda. Hilo si kosa langu. Jumatano nilizunguka miye mwenyewe, kama kila siku."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa miguu hii. Nilianzia mulangoni, kwa Mama Joviale, kisha nikaendelea."

Hapo nikainua mukono kama mwanafunzi. "Prezida, naweza kumuuliza? Ruffin, kwa Joviale ulimukuta amekwisha kuuza?"

"Hajauza, Koko. Nilikuwa mutu wa kwanza kabisa."

"Ukanunua?"

"Kununua nini? Miye natafuta bei, sitafuti viazi."

Mstari wote wa mbele ukageuka, kina mama arobaini kwa pamoja, kama kuku waliosikia mahindi. Ruffin hakuelewa. Mutu aliyeuza unités hafunguliwi siku. Telefone haina mukosi.

"Aliuliza, akaenda?" mama moja akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

"Meza kwa meza?"

"Na bado ana meno yote?" Charline akauliza.

Kicheko kikapiga mabati. Wa mwisho kufanya vile sokoni kwetu, miaka minne iliyopita, alifukuzwa na majivu ya moto mpaka barabara ya lami, na alikuwa mutu wa kanisa. Ruffin alisikia upepo umegeuka. Si mujinga. Akainua mikono miwili.

"Pardon, pardon, kina mama! Nilichanganya. Nilinunua. Bila shaka nilinunua. Beseni ndogo ya viazi."

"Kwanza hukununua," Papa Barthélemy akasema, kalamu hewani, "sasa ulinunua."

"Prezida, alfajiri mutu hana akili yote. Nilinunua kwa Mama Joviale, na akaniongeza matabishi, viazi viwili. Muulizeni mwenyewe, yuko hapa!" Akamugeukia Joviale akitabasamu, tabasamu la mutu anayemutangaza mutu kwenye grupu kila siku bila kumulipisha.

Neno moja tu la Joviale lilitosha. Angesema "ndiyo, alinunua", nani angebisha? Alikuwa ameacha kunilipa. Ruffin alikuwa amemuletea wateja ambao miye sijawahi kumuletea. Na kumuokoa Ruffin hakungemugharimu kitu. Patricia alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha thermos.

Joviale akasimama polepole, akafunga kitenge chake vizuri. Hakuniangalia.

"Viazi viwili, Papa Ruffin?"

"Viwili, mama. Vikubwa."

"Na ni miye nilikupimia? Kwa mikono hii?"

"Kwa mikono hiyo hiyo, mama, Mungu aibariki. Ukaniambia, nenda na siku njema."

"Jumatano?"

"Jumatano."

Joviale akamugeukia Papa Barthélemy. "Prezida, Jumatano nilikuwa Rumangabo. Binti ya dada yangu alikuwa anatolewa mahari. Nilipanda pikipiki saa kumi ya usiku, kiza tupu, na meza yangu ilishinda imefunikwa bashe ya plastiki mpaka jioni. Majirani zangu wa meza ni hawa hapa, waulize."

Majirani wawili wakainuka bila kuulizwa.

Ruffin alilamba midomo. Nilimuona akitafuta, kama mutu anayepapasa ufunguo mufukoni, na nikaona alipofikiri ameupata.

"Basi," akasema, "ni kiza kilichonidanganya. Munafanana sana. Yule aliyekuwa kwenye meza alikuwa dada yako."

"Dada yangu ndiye mama wa bibi arusi," Joviale akasema. "Ndiye alinipakulia chakula."

Papa Barthélemy alipoita mikono, ya kina mama wote ikainuka ili benchi libaki langu, na Patricia akarudisha kifuniko cha thermos.